Diski Zilizopakwa Mafuta ya Udi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mhifadhi asiyehitaji chombo cha kuhifadhia, ambaye kila sauti iliyowahi kutoka midomoni mwa waja wake iko kwake na haikupotea hata moja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Baada ya sifa hizo, nataka kusimulia jambo lililotupata mimi na mdogo wangu wa kike, nyumbani kwake Kiembe Samaki, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nilimwomba ruhusa kwanza. "Iandike," aliniambia, "wapate kujua na wenzetu. Lakini usinifanye mjinga sana." Sitamfanya mjinga. Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi.

Mdogo wangu alifiwa na mumewe miaka miwili kabla ya siku hiyo. Marehemu alikuwa mtu wa Matemwe, karani maisha yake yote, mpole, mwenye sauti ya kisomo ambayo watu walikuwa wakiiacha misikiti ya karibu yao kuja kuisikiliza wakati wa tarawehe. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Katika miaka yake ya mwisho alijifungia chumbani kila baada ya alasiri, feni kaizima, madirisha kayafunga, jasho linamtiririka, akajirekodi kisomo chote, juzuu thelathini, kwenye kompyuta yake. "Mimi sina mali ya kuacha," alikuwa akiniambia. "Ntaacha hii." Hakumpa mtu nakala. Alitaka kwanza aisikilize yote mwenyewe, asahihishe makosa. Maradhi yalimuwahi.

Kabla hajafariki, umeme ulirudi kwa kishindo siku moja ukaiunguza ile kompyuta. Diski, yaani kile kisanduku cha chuma kinachotunza yote yaliyomo, ilisalimika. Aliitoa kwa mkono wake, akabandika juu yake karatasi iliyoandikwa "Kisomo", akaiweka pamoja na diski nyingine ya ukubwa ule ule, aliyoiokota katika kompyuta ya ofisi iliyokuwa ikitupwa. Hiyo ya pili aliihifadhi kwa siku ya haja. Kwa hivyo katika nyumba ya mdogo wangu zilibaki diski mbili zilizofanana kama kunazi mbili: moja ina sauti ya mumewe, moja ina makaratasi ya ofisi yasiyo na kazi tena.

Marehemu ana dada yake mkubwa, ambaye nitamwita Bi Mwalimu, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoitwa na Matemwe nzima. Asubuhi hushughulika na mwani wake pwani, mchana husomesha chuo cha Kurani cha wasichana. Chuo hicho kilipewa kompyuta kuukuu na nyumba moja ya wageni iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Waliitoa diski yao kabla ya kuitoa sadaka, na walifanya vizuri, kwani mambo ya wageni ni siri zao. Mdogo wangu akaweka nia: ile kompyuta itiwe diski ya ofisi, iwekewe mfumo wa kuiendesha, kisha ipakiwe kisomo cha mumewe, iende Matemwe kabla ya Ramadhani, wasichana wawe wakimfuata kila siku juzuu moja. Kwao ilikuwa ni kisomo. Kwa Bi Mwalimu ilikuwa zaidi ya hapo. Hakuwa ameisikia sauti ya ndugu yake tangu alipofariki, na simu yake ndogo haikuwa ya kutunza sauti ya mtu.

Kazi nilipewa mimi. Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya kutunza kumbukumbu, na kompyuta zilipoletwa nilijifunza kwa kuwasimamia mafundi vichwani mpaka wakachoka na maswali yangu. Tangu nilipostaafu, nje ya darsa ninayosomesha msikitini kwetu Mji Mkongwe, huvitengenezea vyuo kompyuta kuukuu kwa kutaraji thawabu. Diski nyingi zinazotupwa zina uhai bado. Unaiweka ndani, unaitia kompyuta flashi yenye mfumo, unaiambia mfumo uandikwe kwenye diski ile, unangoja. Lakini mfumo ukiandikwa, yaliyokuwamo yanafutwa. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, ambayo nimewaambia watu wengi kwa ukali, ni kwamba usiweke mfumo kwenye diski ambayo hukuichungulia kwanza ndani yake kwa kompyuta nyingine.

Siku ile kompyuta yangu ya kuchungulilia niliiacha nyumbani. Ilikuwa nzito, na mimi goti langu la kulia halitaki mzigo.

Nilipofika, Bi Mwalimu alikuwa kashafika, amekuja na gari ya samaki iliyotoka Matemwe alfajiri. Gari hiyo ingerudi baada ya alasiri, na yeye na kompyuta walitakiwa wawe ndani yake. Aliketi mkekani, kikombe mkononi.

"Wifi," alikuwa akimwambia mdogo wangu, "chai hii umeitia sukari, au umeionyesha tu?"

"Nimeitia. Ulimi wako ndio mchungu."

"Ulimi huu ndio uliokuposea mume."

"Na mpaka leo sijaupa ada yake, basi kunywa."

Nilicheka, nikafungua mfuko wangu wa bisibisi. Mdogo wangu akapanda kiti, akateremsha kifurushi kutoka rafu ya juu kabisa, pale penye Msahafu. Kilikuwa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na harufu ya udi ilijaa chumba kabla hakijafika chini.

"Sikuziacha zikanuka vumbi," alisema kwa fahari. "Kila Ijumaa nikizifukiza. Na kila mwezi nikizipangusa kwa mafuta ya udi kidogo, kama nnavyopangusa jalada la Msahafu."

Bi Mwalimu alinyoosha mikono yote miwili. Alipopewa, alikibusu kifurushi upande huu, akakigeuza akakibusu upande wa pili, akakiweka kwenye paji la uso wake, midomo ikimcheza. Kisha akakiweka mezani mbele yangu, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Mimi nilikunjua kitambaa. Diski mbili zilikuwa moja juu ya mwenzake, zinang'aa kwa mafuta, na hakuna hata moja iliyokuwa na karatasi.

"Ile karatasi aliyobandika marehemu iko wapi?"

"Iliingia mafuta ikabanduka," alisema mdogo wangu. "Lakini usijali, kaka. Ya kisomo ndiyo ya juu. Mimi ningeiwekaje chini ya kitu?"

"Hilo halina mjadala," akasema Bi Mwalimu.

Kwa kweli halikuwa na mjadala. Tangu tunajifunza herufi tunaambiwa kisomo hakiwekwi chini ya kitu chochote, hata kitabu kingine. Nikaichukua ile ya juu, nikaiweka juu ya kabati, mbali na mikono. Nikaichukua ya chini, nikaifunga ndani ya kompyuta, nikachomeka flashi, nikawasha.

Baada ya muda skrini iliuliza mfumo uandikwe wapi. Diski ilionekana, ukubwa wake kamili, na ndani yake hamna kitu: haina sehemu hata moja iliyogawiwa, tupu kama shamba lisilolimwa. Hapo palinijia wasiwasi mdogo. Diski ya ofisi ilipaswa kuwa na makaratasi ya ofisi. Nikajiambia, pengine marehemu aliisafisha kabla. Kuichungulia kwingine nisingeweza, maana ya kuchungulilia iko nyumbani.

"Shemeji," aliita Bi Mwalimu, "gari tutaiwahi, au tufungie Ramadhani hapa hapa kwa wifi na chai yake ya rangi?"

Nikasema Bismillahi, nikabofya.

Ilikwenda vizuri mpaka asilimia tisa, ikasimama. Yakaja maneno kwamba faili zinazohitajika haziwezi kunakiliwa. Hili si geni. Mara nyingi huwa flashi ndiyo mbovu, kwa hivyo nikachomeka flashi yangu ya pili, nikaanza upya. Mara hii ilifika kumi na nne. Nikabadilisha waya unaounganisha diski. Nikachomoa vipande vya kumbukumbu vya kompyuta, nikavipuliza, nikavirudisha kimoja kimoja kuona kipi kinaleta fitina. Ndege ilipita juu ya bati ikaenda zake kutua, vikombe vikatetemeka mezani. Nikaanza mara ya tatu. Ilipofika ishirini na kitu ilisimama tena, na katika kimya kile nikaisikia diski yenyewe.

"Imechoka hii," nilisema. "Inadonoa."

Mdogo wangu alitokeza kutoka jikoni, kisu cha vitunguu mkononi. "Inadonoa vipi?"

"Tik, tik. Kama kuku na mchele. Njoo usikilize."

Alikuja, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko haja.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "iliyokuwa ikidonoa ni ya marehemu."

Na mimi niliinama nikasikiliza.

"Alikuwa akigombana nayo kila siku. Akisema inamwingilia ndani ya kisomo. Akaweka vipande vya mpira chini yake, isisikike. Kaka, hii ndiyo yake."

"Sasa maana yake nini?" aliuliza Bi Mwalimu kutoka mkekani.

Nilizima kompyuta pale pale, nikachomoa na waya wa umeme ukutani. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa tangu asubuhi. "Maana yake," nilisema, "nngojeni nikaswali adhuhuri."

Nitasema kweli yangu, kwa sababu Mola wangu anaijua tayari. Tangu bombani nikitawadha mpaka rakaa ya tatu, nilikuwa na mawazo mawili. La kwanza, kwamba mara tatu nimeamrisha diski ile iandikwe upya, na sauti ya mtu aliyenipenda imo chini ya maandishi hayo. La pili lilikuwa baya zaidi. Diski kuukuu hufa. Naweza kurudi nikasema imekufa kwa uzee wake, na wote wawili watasema ni kadari, watanipa pole ya uchovu na chakula cha mchana. Hakuna atakayejua. Nilisahau niko rakaa ya ngapi, nikasujudu sijida ya kusahau, na nilipotoa salamu nilikaa nikijionea haya. Maisha yangu yote nimesomesha watu mlango wa amana.

Niliporudi walikuwa wamekaa pamoja mkekani, bega kwa bega. Kitunguu kilichokatwa nusu kiko kwenye sinia. Niliketi mbele yao.

"Nimeandika mfumo juu ya diski ya marehemu," nilisema. "Mara tatu. Sikumaliza hata mara moja, lakini nimeandika. Kuna kilichopotea. Sijui ni kiasi gani."

Bi Mwalimu alinitazama. "Umemfuta?"

Hakusema umeifuta. Alisema hivyo hivyo nilivyoandika.

"Lakini haiwezekani!" mdogo wangu alisema. "Niliiweka juu mimi! Kwa mkono wangu, wallahi, juu!"

Hapo Bi Mwalimu akaitazama mikono yake, akaigeuza viganja, tukamwona anakumbuka. Na sisi tukakumbuka. Upande huu, kisha upande wa pili, na ya juu ikawa ya chini.

"Ewe wifi," mdogo wangu alianza, sauti ikimpanda, "nani kakwambia ubusu huku na huku!"

"Na wewe nani kakwambia chuma kipakwe mafuta kama bibi harusi, mpaka karatasi ya ndugu yangu ikabanduka!"

"Mie nilikuwa nnamheshimu mume wangu!"

"Na mie nnambusu nani, jirani?"

"Basi," nilisema. "Basi, jamaa. Nyote mlifanya adabu. Mwenye kazi ya kuangalia ndani nilikuwa mimi, na sikuangalia, kwa uvivu wa kubeba. Sasa nisikilizeni, kwa sababu kuna jambo la kufanya na linataka utulivu."

Nikawaeleza, na nikajieleza na mimi mwenyewe. Kufuta diski si kama kuosha ubao wa chuo, maandishi yote yakaondoka na maji. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo mwanzoni mwa kitabu. Kompyuta haijui tena kilipo kitu, lakini kurasa zipo. Kilichokufa kweli ni kile tu kilichoandikiwa juu yake. Kwa hivyo sharti la kwanza lilikuwa diski ile isiandikwe tena hata herufi moja. Mfumo uwekwe kwenye ile ya ofisi, na kutoka huko tuichungulie ya marehemu kwa programu inayosoma tu na haigusi.

Nikaiteremsha ile ya juu ya kabati, nikaifunga. Kompyuta haikuiona kabisa. Nikawasha tena, haioni. Wanawake wale wawili walikuwa nyuma ya mgongo wangu wakipumua.

Nikaichomoa, nikaisogeza dirishani. Pale inapochomekwa waya kuna meno madogo ya rangi ya dhahabu, ndiyo yanayopitisha maneno baina ya diski na kompyuta. Meno yale yalikuwa meusi. Mafuta ya udi yameyapaka, moshi wa buhuri wa kila Ijumaa umeganda juu ya mafuta, na vumbi juu ya moshi. Nikaitazama na ya marehemu: ni hivyo hivyo, imepona meno machache tu. Ndiyo maana ilionekana nusu. Kompyuta iliujua ukubwa wake lakini haikuweza kusoma kilichogawiwa ndani, ikaniambia ni tupu. Na mimi nikaisadiki.

Mdogo wangu aliona ninachokitazama. "Ni mafuta yangu?"

Ningependa kumficha. Lakini nilikuwa nimetoka msikitini. "Mafuta yamo," nilisema. "Na haraka yangu imo."

Akakaa kwenye kiti, mkono mdomoni. Bi Mwalimu, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akimrushia maneno, alimwekea kiganja mgongoni. "Nyamaza, wifi. Angekuwa hai angekucheka mpaka akohoe."

Niliomba raba ya penseli. Mwalimu hakosi raba. Ilitoka kwenye mkoba wake, ina alama za meno ya mwanafunzi. Nikasugua meno yale moja baada ya jingine, polepole, nikapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, nikafungua na kile kibao cha kijani chini ya diski nikasugua na sehemu zake za kugusana. Kitambaa kilitoka cheusi, kinanukia vizuri. Nikafanya hivyo kwa zote mbili. Nikairudisha ya ofisi, na safari hii, kabla ya kitu chochote, nikaifungua kwa mlango wa ukarabati ulio ndani ya flashi, ambao asubuhi haraka ilinisahaulisha, nikaangalia kilichomo. Barua za ofisi, za zamani sana. Nikawaonyesha wote wawili, nikawataka washuhudie. Kisha nikabofya. Asilimia tisa ilipita. Kumi na nne ikapita. Ishirini na kitu ikapita, ikaenda mpaka mia.

Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Gari ya samaki ilipiga honi nje. Bi Mwalimu alitoka mpaka mlangoni.

"Nendeni!" aliwapigia kelele. "Siondoki mie bila ya ndugu yangu. Au bila ya kujua kuwa sina tena."

Nikaiunganisha diski ya marehemu pembeni, nikaanzisha programu ya kutafuta. Ilianza kudonoa. Mstari wa skrini ulikuwa ukisogea kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Kazi ya namna hii huchukua saa nyingi, na hofu yangu ilikuwa umeme, kwa sababu diski dhaifu ikikatiwa katikati huenda isiamke tena. Niliwaacha wanaichunga, nikarudi Mji Mkongwe kwa darsa ya baada ya magharibi. Sijui nilisomesha nini. Usingizi wa siku hiyo haukuwa usingizi.

Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda moja kwa moja. Nilipogeuka kona ya nyumba nilitafuta taa ya kibarazani, na ilikuwa inawaka: umeme upo. Ndani, Bi Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta wima, tasbihi mkononi, na mdogo wangu amelala mkekani pembeni yake.

"Imenyamaza kudonoa," aliniambia. "Imekufa?"

"Imemaliza."

Skrini ilikuwa na orodha ya faili zilizopatikana. Majina yote yamepotea, imebaki nambari tu. Mdogo wangu aliamka akajifunga mtandio. Nikafungua ya kwanza. Ukatoka mngurumo mkali, wa kukwaruza, nikaifunga haraka. Nikafungua ya pili, kimya. Nikafungua ya tatu.

Kwanza kulikuwa na kimya cha chumba. Kiti kikalia. Ikasikika tik, tik, kwa mbali. Mtu akakohoa, akasafisha koo, akaomba kinga kwa Mola wake, akaanza kusoma.

Bi Mwalimu alijifunika uso kwa kanga. Alikuwa akisema kitu kimoja tu, mara nyingi: "Kakohoa. Wifi, umesikia? Kakohoa." Mdogo wangu hakulia. Aliisogelea skrini kama mtu anayesogelea dirisha.

Asubuhi yote tulizipitia. Kwa kuwa majina yamepotea, ilibidi kila moja isikilizwe ili ijulikane ni juzuu ipi, na hapo mimi nilikuwa karani tu. Nikifungua, Bi Mwalimu anafumba macho, na kabla aya haijamalizika anasema, "Ya kumi na saba," naandika. "Ya nne, mwanzo wake." Naandika. Hakukosea hata moja. Ilipoadhiniwa adhuhuri tulikuwa na juzuu ishirini na nane, mbili kati ya hizo zina mapengo. Zilizobaki ni ule mngurumo na kile kimya.

Niliogopa kuuliza ni zipi zilizokosekana. Bi Mwalimu alizihesabu kwa vidole. "Tabaraka na Amma," alisema. "Zile za mwisho."

Ilinishangaza, kwa sababu mfumo huandikwa kuanzia mwanzoni mwa diski, na mwanzoni hukaa kilichorekodiwa kwanza. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza. Marehemu hakuanza na juzuu ya kwanza. Alianza kama tunavyoanzishwa sote chuoni, kwa zile sura fupi, akapanda juu. Alisema anaogopa kuanza pengine ambapo hakuanzishwa.

"Mimi ndiye niliyemwanzisha," alisema Bi Mwalimu. "Ubaoni. Hajaota meno yake ya pili."

Nilimwomba msamaha kwa maneno ambayo niliyatayarisha njia nzima, na yote yakanipotea, nikasema tu nisamehe.

"Nshakusamehe, shemeji. Tena mbele ya Mungu. Lakini usije ukanambia kwamba kilichopotea ni kidogo."

Sijamwambia, wala sijasema hivyo kwa mtu mwingine.

Mdogo wangu ndiye aliyesema lile lililofuata. "Wifi, zisome wewe hizo mbili."

"Sauti yangu imekwisha. Maji ya chumvi na makelele ya watoto."

"Chuo chako kinataka sauti nzuri au kisomo sahihi?"

"Wewe sasa unanisomesha mie ualimu?" Lakini alikuwa ameshanyanyuka kwenda kutawadha. Aliporudi aliweka sharti moja: mwanzoni mwa rekodi aseme wazi kuwa msomaji ni dada wa marehemu, ili asije mtoto akadhani ni yeye, ikawa uongo juu ya maiti. Tukazima feni, tukafunga madirisha. Alisoma ameelekea kibla, sauti imekwaruza, kila herufi inatoka pahala pake. Katika sura moja fupi, ambayo kila mtoto wa Unguja anaijua, alikwama. Akarudi nyuma, akakwama pale pale. Mdogo wangu akamnong'oneza neno, akaendelea. Niliuliza kama tuikate sehemu ile. Akasema, "Iache. Na yeye alikuwa akikwama hapo hapo."

Siku ya pili yake kompyuta ilikwenda Matemwe ndani ya gari ya samaki, imefungwa mablanketi, Bi Mwalimu ameikumbatia. Nakala moja ilibaki kwa mdogo wangu, moja iko kwangu, moja nimempa imamu wetu. Jioni ya pili baada ya hapo, mwezi ulipotangazwa, Bi Mwalimu alinipigia simu. Hakunisalimia hata. Aliweka simu karibu na kompyuta, nikasikia wasichana wanamfuata ndugu yake.

Ewe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie unaowapenda, walio hai na waliotangulia. Akujaalie utulivu mkono wako unapokuwa juu ya jambo lisilorudi, na ulimi wa kusema kweli unapokuwa umekosea. Awarehemu wazee wako waliokufundisha herufi ya kwanza, na akufufue ukiwa unakisikia kisomo ulichokuwa ukikipenda. Amin.